Kuku Aliyeshuka kwa Mwavuli Mbovu

Upepo wa bondeni ulikuwa mlaji wa miavuli. Huko juu mlimani tulikotoka, upande wa Susuni, mwavuli ulikuwa mali ya kurithi: babu anautumia, baba anautumia, mjukuu anabaki na mpini wa kuchungia mbuzi. Migomba ilituzibia upepo huku, mawe yakatuzibia kule. Lakini tulipoteremshwa kwenye kijiji cha ujamaa, kwenye uwanja usio na hata kichaka cha mtu kujistiri, tulimkuta upepo ndiye mwenyeji pale. Hakupiga hodi kwa mtu. Mimi niliona kwa macho yangu mwalimu mmoja ameng'ang'ania mwavuli wake mpya, upepo ukambeba kutoka shuleni mpaka zahanati, na alipofika akaona heri aombe dawa ya kikohozi, maana safari ilikuwa imeshafanyika.

Shule yenyewe mimi niliiona kwa nje tu, tena kwa nyuma, upande wa vyoo, kwa sababu mbuzi walipenda majani ya pale. Kwa hiyo haya ninayosema usiyatafute kwenye kitabu cha mtu.

Basi miavuli ilikufa. Mingine iliuawa na upepo, mingine iliuawa na esaro. Kwetu Wakurya msimu wa esaro ndio msimu wa kutahiri, na kijana akitoka huko anarudi kwao kwa miguu, polepole, ndugu zake wanamfunika kwa mwavuli jua lisimwone, na wengine mbele yake wanaimba, wanaruka, wana fimbo na marungu. Sasa weka pamoja rungu, pombe, furaha na mwavuli. Kijana anafika nyumbani mzima, mwavuli unafika marehemu. Ikaisha esaro ile, nyuma ya kila nyumba kukawa na maiti nyeusi mbavu nje, na sisi watoto tukawa fisi wake.

Tulitengeneza maparachuti. Neno hilo tulilitoa kwa binamu yetu aliyekuwa jeshini. Alikuja likizo akatuambia kuna askari wanajitupa kutoka kwenye ndege, wanashuka na kitambaa, wanafika chini wanajipangusa vumbi wanaendelea na kazi. Tulimwona mwongo kuliko mimi. Lakini kaka yangu, ambaye maneno yake yalikuwa machache na vidole vyake vingi, alienda kimya kimya akachukua mwavuli mbovu akajaribu.

Kazi yake iko hivi. Unafumua kitambaa kutoka kwenye mbavu, taratibu, usichane. Kila ncha iliposhonewa ubavu, unafunga uzi wa katani, tulikuwa tunauchomoa kwenye magunia. Nyuzi zote unazikusanya chini unafunga jiwe. Unakunja, unarusha juu mpaka bega linalia. Kikifika juu kitambaa kinafunguka, pa! Halafu kinashuka kama mzee anayetoka kilabuni, hana haraka, anajua kwake. Na juu pale katikati pana tundu, ilipopita ile ncha ya mwavuli. Tundu hilo huzibi. Kaka alilijua hilo kabla ya mtu yeyote: ukiliziba, upepo unakosa mlango wa kutokea, parachuti linapepesuka, linakwenda linakotaka. Ukiliacha, linashuka wima kama ndoo kisimani.

Shida ni kwamba bondeni hapakuwa na urefu. Parachuti linataka mahali pa juu pa kutupiwa. Kitu kirefu kuliko vyote kijijini kilikuwa paa la ofisi, na ukipanda pale ulishuka kwa viboko. Kwa hiyo tulikuwa tunapanda mlimani, kule kwetu kwa zamani. Na huko, penye jabali, alikuwepo bibi.

Hapo nieleze vizuri. Siku tuliyohamishwa lilikuja lori na vijana wa mgambo. Waliezua mapaa ili mtu asiwe na pa kurudi. Vitu vikapakiwa: mawe ya kusagia, vyungu, kuku, mama yangu. Zamu ya bibi ilipofika akasema anakwenda haja. Wakamsubiri. Kwa ninavyojua mimi, hakuna mwanamke katika wilaya nzima ya Tarime aliyewahi kwenda haja ndefu namna ile. Lori lilipiga honi mpaka honi ikapoteza sauti, likaondoka.

Ofisi ilimuuliza tata, yaani baba yetu, "Mama yako yuko wapi?"

"Amevuka mpaka. Yuko kwa binti yake, Kenya."

Uongo ule tulifundishwa wote nyumbani kama watoto wa wengine wanavyofundishwa sala. Ukiamshwa usingizini unasema: bibi yuko Kenya. Ukiumwa tumbo: bibi yuko Kenya.

Bibi hakuwa Kenya. Alikuwa nyuma ya boma letu lililoezuliwa, kwenye pango dogo chini ya jabali, mahali pa kulala mbuzi wawili wanaopendana. Na hatua chache kutoka pale lilikuwa kaburi la babu, limepangwa mawe. Bibi hakuwa na ugomvi na ujamaa wala na serikali. Alikuwa na jambo moja tu, alilisema kwa tata kabla ya lori kuja, akalisema kwetu kila tulipopanda: "Nimelala ubavuni pa mzee huyu tangu sijaota vizuri matiti. Nataka nizikwe hapo hapo. Wakinishusha, watanizika kwa watu nisiowajua." Basi. Hakutaka kingine. Kazi yetu sote ilikuwa asionekane mpaka hapo Mungu atakapomhitaji, na kwa kumtazama tulijua Mungu hakuwa mbali.

Mwaka ule mvua ilikataa. Bondeni tulipanda mahindi yakatoka urefu wa kidole, yakatazama jua, yakarudi ardhini. Tukaletewa unga wa njano kutoka nchi za watu. Ugali wake ulikuwa mgumu, ukimrushia mbwa alidhani umemchokoza. Mama alikuwa na mimba, na ule unga ulikuwa unamtapisha, akakonda mpaka ukimwangalia kwa ubavu unaona tumbo tu linatembea lenyewe kwenda kisimani.

Na huko juu bibi alikuwa na wimbi ghalani, yaani ulezi, viazi vitamu shambani, ndizi. Chakula cha kutosha ukoo. Lakini njiani, pale chini ya mlima, palifungwa kamba, na kwenye kamba alikaa mgambo mwenye bunduki ya mbao. Watoto na mbuzi tuliruhusiwa kupita, maana bondeni majani hayakuwepo. Chakula hakikuruhusiwa kushuka. Mtu akikamatwa na hata kiazi kimoja cha juu, wanajua huko juu kuna mtu anayelima, na watapanda kumfuata. Kwa hiyo tulikuwa tunapanda mikono mitupu na kushuka mikono mitupu, na bibi anakaa juu ya wimbi lake analia kwamba mkwewe anakula vumbi la njano.

Siku moja nilipanda peke yangu na mbuzi, kaka akabaki chini kwenye kijito. Nilikuwa na parachuti langu. Bibi akaliona.

"Mke mwenzangu," aliniita hivyo kila siku, kwa maana kwa utani wetu mimi na yeye tulikuwa wake wa babu, "hicho kiraka ni cha nini?"

"Parachuti, bibi. Askari wanashuka nalo kutoka angani."

"Na kupanda, wanapandia nini?"

Nikafikiri. "Kupanda hawapandi."

"Basi ni ndugu wa serikali," akasema. "Kazi yake kuteremsha."

Nikalitupa kutoka kwenye ukingo wa jabali. Pale ni parefu, ukitema mate yanafika chini yamekauka. Parachuti likafunguka, likashuka, likashuka, mpaka miguuni pa kaka kule kwenye kijito, upande wa nyuma ambako mgambo haoni. Bibi alisimama muda mrefu anaangalia. Halafu akaingia ghalani akatoka na wimbi amelifunga kwenye kipande cha kanga, kiasi cha ngumi mbili.

"Toa jiwe," akasema. "Mkwe wangu hali mawe. Mfungie hili."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kula kutoka mbinguni, na Biblia hatukuwa nayo nyumbani.

Tukakusanya miavuli mibovu kijiji kizima. Wenzetu walifikiri tunacheza. Na kweli tulikuwa tunacheza, njaa ilikuwa upande wa pili wa mchezo huo huo. Kipande kimoja cha pembetatu kilibeba viazi viwili. Nusu ya mwavuli ilibeba wimbi la uji wa siku kadhaa. Mzigo ukifika chini, kaka anafungua, anaficha kwenye mtungi wa maji uliotandikwa ngozi ndani, kesho yake mimi narudi juu na vitambaa nimevivaa tumboni chini ya nguo. Kuna siku bibi alifurahi, akatupa viazi mfululizo, nikaona anga imekuwa nyeusi kwa miavuli, jogoo kijijini wakawika wakidhani alfajiri imefika. Haya, hawakuwika. Lakini walitaka.

Mama akaanza kunywa uji wa wimbi. Damu ikarudi usoni. Hata mgambo aliona.

"Nyie watoto," alituita pale kwenye kamba, "mbona mnang'aa? Mnakula nini?"

"Unga wa njano, kaka."

"Uongo. Mimi nakula unga huo huo, nang'aa wapi?"

"Labda hunawi."

"We msichana, nitakuchapa na bunduki hii!"

"Angalia isivunjike, ni ya ofisi."

Alicheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto wa jirani yetu wa kule juu, na bibi ndiye aliyempokea alipozaliwa. Nadhani alikuwa anajua, au alikuwa anakataa kujua, mchana akifika anavuta kofia usoni analala kabisa, bunduki ya mbao imelala ubavuni pake kama mke. Kijiji kizima kingeweza kupita na ng'ombe.

Na tungeendelea hivyo, mpaka bibi afe kwa raha zake pembeni ya mzee wake. Lakini mama akajifungua.

Alizaliwa mtoto wa kike, mdogo kama kiazi cha mwisho wa msimu, lakini mwenye sauti. Na kwetu mwanamke akijifungua, supu ya kwanza ni ya kuku wa mama mkwe. Si wa jirani wala wa kununua. Mama mkwe analeta kuku kwa mkono wake, na anakuja anampa mtoto jina. Mwanamke asipoletewa, maana yake mama mkwe anamkataa, na anamkataa mtoto. Hapo hata uwe umempenda mkweo miaka yote kama ulivyopenda macho yako, watu wataona hakuna kitu.

Na ikawa tata aliulizwa hilo na wanawake wa mstari wetu wa nyumba. "Mama mkwe yuko Kenya, sawa, na Kenya hakuna kuku?" Mama aligeukia ukutani na mtoto wake.

Nilipanda nikampa bibi habari. Alicheza pale pale, mwenyewe, bila ngoma, kwa sababu ya miguu yake alicheza mabega tu. Halafu akatazama pangoni. Alikuwa amebaki na kuku mmoja, jike jeusi, wa mayai, rafiki yake wa pango.

"Niletee mwavuli mzima," akasema. "Si vipande vyenu vile. Mwavuli wa mtu mzima."

Kaka alitafuta mpaka akapata mmoja wa esaro, mkubwa, wa mwanamume, wa kufunika kijana na nusu ya ukoo wake. Mbavu zimevunjika zote, kitambaa kizima. Nikampelekea bibi nimejifunga kiunoni, mgambo akaniuliza lini nimenenepa. Tulifunga kamba kila ncha, chini tukafunga kikapu. Kazi ilikuwa nzuri, hata binamu yetu wa jeshini angeipigia saluti. Kesho yake nilipopanda nikakuta bibi ana sindano na uzi mkononi. Amelishonea lile tundu la juu kiraka, kipande chekundu cha kanga yake ya harusi, ushonaji mzuri sana, mshono mdogo mdogo kama nyayo za chungu.

"Bibi! Hapo hapazibwi!"

"Kwa nini hapazibwi?"

"Upepo lazima utoke. Kaka anasema."

"Mume wangu huyo mdogo amewahi kuzaa?" Kaka yangu ndiye mume wake wa utani. "Amewahi kuletewa kuku wa uzazi? Zawadi ya mzazi haitumwi kwenye kitambaa kilichotoboka. Ukituma zawadi kwenye kitu kinachovuja, na tumbo la yule mama litavuja, na maisha ya mtoto yatavuja. Hilo hata babu yako hapo chini analijua, muulize."

"Bibi, litakwenda pengine."

"Litakwenda kwa mkwe wangu. Linajua."

Ungefanya nini? Nilikuwa mtoto, na yeye alikuwa bibi, na kiraka kilikuwa kizuri. Akamweka kuku kikapuni, akamfunika na majani ya mgomba, akamsemesha maneno ya kumbariki. Alimtemea mate kidogo kichwani, ndiyo baraka zetu. Tukasubiri upepo upungue, ukapungua. Tukamwachia.

Mwanzo alishuka vizuri. Bibi akaniangalia, kama anasema, unaona? Halafu parachuti likaanza kupepesuka. Kikapu kilikwenda huku, kitambaa kikaenda kule, vikapishana kama watu wawili wanaogombana njiani. Upepo wa bondeni ukaliona. Ukaja kulipokea. Likaacha kijito, likamwacha kaka amenyoosha mikono, likapita juu ya kamba ya mgambo, likapita juu ya mistari ya nyumba, na mimi kutoka kwenye jabali nikaona wazi linakokwenda, kwa sababu mahali pale tu ndipo watu walikuwa wamejaa, weusi weusi kama siafu.

Mkutano. Siku ile alikuwa amekuja bwana mkubwa kutoka wilayani, mtu wa pwani, Kiswahili chake kinateleza kama samaki. Kaka alikimbia mpaka pale, yeye ndiye aliyenisimulia, na kaka hajui kuongeza chumvi hata kwenye mboga. Bwana mkubwa alikuwa anahutubia kuhusu maadui. Anasema tuko karibu na mipaka, adui yuko ng'ambo ya ziwa, anaweza kuja kwa mtumbwi, anaweza kuja kwa miguu, anaweza kuja hata kutoka juu. Watu wakatazama juu, kwa heshima tu, kwa kuwa amesema juu. Wakaona kitu cheusi kinashuka, katikati kina jicho jekundu.

Hapo ndipo ungejua mkutano una milango mingapi. Wazee waliokuwa wanatembea na fimbo waliziacha wakapita vijana. Mwenyekiti aliingia chini ya meza, akakuta katibu ameshafika. Mgambo wa akiba wakalala chini na bunduki zao za mbao wakasema kwa midomo, "Pu! Pu!" Bwana mkubwa peke yake alibaki amesimama, watu wakamsifu sana baadaye kwa ushujaa, lakini kaka anasema alikuwa amekanyaga kamba za viatu vyake.

Kikapu kikatua mbele ya meza. Majani ya mgomba yakasogea. Akatoka kuku, akajikung'uta, akatazama mkutano, akataga.

Hilo la kutaga ni langu. Mengine yote ni ya kaka.

Watu wangecheka, na jambo lingeishia hapo. Wengine walishaanza kucheka. Lakini mwanamke mmoja wa mstari wetu, bila ubaya wowote, kwa furaha tu, akapaza sauti: "Jamani, si kuku wa uzazi huyo! Tazameni kiraka cha kanga! Mama mkwe ametuma!" Akapiga na kigelegele. Akajiziba mdomo, lakini kigelegele kilikuwa kimeshatoka.

Bwana mkubwa akauliza mama mkwe gani. Akauliza kuku wa uzazi ni nini, wakamweleza. Akauliza nani amejifungua kijijini. Halafu akageuka akatazama mlima, na kila mtu akatazama mlima naye. Mimi na bibi tulikuwa pale ukingoni tumesimama, wadogo, lakini tunaonekana.

"Wametuona," nikasema. "Bibi, tukimbie."

"Nikimbie nimwache nani?" Akarudi akakaa kwenye mawe ya babu. Akakunja miguu kama mtu anayesubiri chai.

Wakapanda. Mbele alikuwa yule yule mgambo wa kamba, amepewa amri, jasho linamtoka, hatazami usoni mwa mtu. Nyuma wengine wawili.

"Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba. Umekuja kunisalimia au kunibeba?"

"Bibi, ni amri."

"Mura, kijana wangu, mimi nilikutoa tumboni kwa mama yako, ulitangulia miguu kama mwizi anayeingia dirishani. Ningekurudisha."

"Ndiyo, bibi."

"Makamasi yako niliyafuta kwa kidole hiki."

"Ndiyo, bibi. Simama twende, tafadhali. Bwana mkubwa anasubiri chini."

"Mwambie anisubiri kidogo. Mimi nasubiri kufa, si muda mrefu. Akinisubiri mpaka hapo, sote tutakuwa tumemaliza."

Mgambo akapiga magoti. Nilimwona machozi, nakwambia, na si chumvi hiyo. "Bibi, nikishuka bila wewe, wanapanda wengine. Wao hawatakubeba. Watakuburuta."

Bibi alifikiri hilo. Akaweka mkono juu ya jiwe la kaburi, akalipapasa kama unavyompapasa ng'ombe unayemwacha kwa watu. Halafu akamwambia mgambo ageuke. Akapanda mgongoni mwake. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba mgambo alisimama kwa nguvu nyingi kupita kiasi, akapepesuka. Njia nzima bibi alimtukana, matusi ya zamani, mengine mimi sikuyajua, nikayashika kwa ajili ya baadaye. Tulipovuka ile kamba akanyamaza.

Kuku alibaki ofisini kama ushahidi. Ushahidi ule uliliwa na wali usiku huo huo. Mama hakupata hata shingo.

Bibi akapewa kukaa kwetu, mstari wa tatu kutoka barabarani. Nyumba zote milango ilitazama barabara, ndiyo ilikuwa sheria, kwa hiyo ukikaa mlangoni kwetu unaona mgongo wa nyumba ya mbele na choo chake. Mlima ulikuwa nyuma yetu. Tata alienda ofisini kuomba atoboe mlango wa pili upande wa mlima. Wakamwambia kila mtu akitoboa anakotaka, kijiji kitakuwa kichuguu. Akaomba dirisha. Wakasema waandike kwanza wilayani. Bibi akawa anatoka asubuhi, anazunguka nyumba kwa kushika ukuta, anakaa nyuma kwenye jua anatazama jabali. Watoto wa jirani wanampita na mipira ya makaratasi. Miguu ilipokataa kuzunguka, akabaki mlangoni, akawa anatazama choo cha watu.

Bibi alimshika mtoto, alimpakata, alimwimbia. Jina alikataa kumpa. "Jina linatolewa nyumbani," akasema. "Tukienda nyumbani nitampa." Mama alimbembeleza. Tata alimbembeleza. Wanawake wa mstari walikuja, na yule wa kigelegele alikuja akapiga magoti akalia. Bibi akamwambia, "Nyamaza, ulifurahi. Nani sasa hivi anafurahi? Wewe angalau ulifurahi." Lakini jina hakutoa.

Nilijaribu kumchekesha. Ndiyo kazi niliyoijua. Nilimwambia kuhusu mwalimu aliyepeperushwa, nikamwongezea, nikampeperusha mwalimu mpaka Musoma, nikamtua ziwani juu ya kiboko. Alicheka, alikuwa na moyo wa kucheka. Halafu akicheka akimaliza ananiuliza kwa sauti ndogo, ili tata asisikie: "Mke mwenzangu, watanirudisha lini?" Nami, niliyekuwa na uongo wa kila namna, wa mchana na wa jioni, nilianza upya hadithi ya mwalimu.

Mvua zilipokuja zilikuja zote pamoja, za mwaka ule na za mwaka uliokosa. Bibi alifariki mvua zikiwa katikati. Tata alienda ofisini amevaa koti lake, akaomba mama yake akazikwe juu, ubavuni pa mume wake. Hakuomba kwa ukali. Wakampa pole, wakasema wakiruhusu maiti moja kupanda, walio hai watafuata. Akarudi. Alisimama nje kwenye mvua, hata mwavuli mbovu hakuwa nao, tulikuwa tumeichana yote.

Makaburi ya kijiji yalipimwa kwa kamba kama nyumba, mstari kwa mstari. Udongo wa bondeni ni mweusi, wa kunata, haumezi maji. Walichimba, maji yakajaa. Wakachota kwa ndoo, yakajaa. Kaka akaingia shimoni na sufuria ya mama, akachota, akamkabidhi tata, tata akamwaga pembeni, na toka pembeni yakarudi shimoni. Yule mgambo alivua viatu akaingia naye. Walichota mpaka mchungaji akasema sala mara mbili. Mwisho tata akasema, "Basi." Tukamshusha hivyo hivyo, na tulisikia maji yanampokea.

Baadaye, miaka ikiwa imepita, ukali ulipungua, watu wakaanza kupanda mmoja mmoja, kwanza shamba, kisha kibanda, kisha nyumba. Kamba ilikatwa, sijui na nani. Na sisi tulipanda. Tata alijenga pale pale, mlango anakotaka mwenyewe. Mdogo wetu alipanda akiwa anakimbia kwa miguu yake, na jina alilopewa na karani wa zahanati, ambaye alikuwa anataka kufunga aende kula.

Babu yuko hapo nje, tunamfyekea majani. Bibi yuko chini, mstari wa pili, na tangu mawe ya alama yalipozama kwenye tope, hakuna kati yetu anayejua ni kaburi la ngapi.